Ukurasa wa Majadiliano

Shuleni hatukumwita kwa jina. Tulimwita Taaluma, kwa kuwa alikuwa mwalimu wa taaluma, yule anayepanga ratiba, anayegawa vipindi na kukagua maandalio ya masomo. Hata baada ya kunyang'anywa cheo hicho tuliendelea kumwita hivyo kwa mazoea, bila kujiuliza kama jina hilo linamuuma. Wanafunzi walikuwa na jina lao jingine ambalo sitalitaja, maana lilihusu mwendo wake. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alitembea ameinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha asubuhi.

Nilifanya naye kazi miaka sita, katika shule ya sekondari iliyo kando ya njia ya Kasoli, mahali ambapo msimu wa pamba ukifika malori yanaacha nyuzi nyeupe kwenye kila mti wa miiba. Nilifika pale nikiwa mwalimu mpya wa Biolojia, nimetoka Njombe kwenye baridi, sijui neno hata moja la Kisukuma. Asubuhi ya kwanza alinikuta nimesimama nje ya ofisi ya walimu na begi langu.

"Mwangaluka, mayu," alisema.

Nikatabasamu tu. Akasubiri.

"Itikia," akasema. "Sema mwangaluka na wewe. Hapa ukisalimiwa ukanyamaza, wanadhani una kinyongo."

Nikaitikia. Akaridhika, akageuka, akaenda zake. Hakuniuliza jina wala nilikotoka. Nilikuja kujua baadaye kwamba kwake hayo yalikuwa mazungumzo marefu.

Kwa Kiswahili alikuwa mtu wa sentensi moja. Kwa Kiingereza, darasani, alikuwa kitabu. Lakini akija mzazi kutoka vijijini, mwenye fimbo na viatu vya matairi, Taaluma alichuchumaa naye kwenye kivuli cha ukuta wa stoo na Kisukuma kikamtoka bila kikomo. Waliongea habari za ndama anayekohoa, mvua iliyoishia Lamadi, binti anayetaka kuacha shule. Hata kucheka alicheka. Siku moja nilimwuliza, "Mwalimu, mbona na sisi huongei hivyo?"

Alifikiri kweli kweli kabla ya kujibu. "Na nyinyi," akasema, "sijui nianzie wapi."

Nyumba zetu za walimu zilitenganishwa na ukuta mmoja. Yeye aliishi peke yake. Mkewe alikuwa ameshafariki nilipofika, na watoto wake wawili walikuwa na maisha yao, mmoja Mwanza, mwingine Dodoma. Jioni nilisikia redio yake ikisoma habari, kisha ikizimwa, kisha sauti yake mwenyewe ikisoma polepole. Mwanzoni nilidhani anasali. Kumbe alikuwa anasoma kwa sauti alichokiandika, ili asikie kama kinaeleweka. "Mada za Jiografia," aliniambia nilipomwuliza, na akaona aibu kana kwamba nimemkuta anaongea na ukuta.

Alikuwa na msemo wake mmoja ambao ofisi nzima tuliuchoka. Ukimfuata na shida yoyote, iwe ya kipindi kilichogongana au ya chaki zilizoisha, alisema, "Usiniambie. Niandikie." Wengine walimwona ana dharau. Mwalimu wa Hesabu, mtu mcheshi aliyependwa na wote, alikuwa akimwigiza kwenye chai ya saa nne. Aliinamisha kichwa, akashika andazi kama kalamu, akasema, "Usiniambie una njaa. Niandikie." Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Taaluma alikuwa kwenye meza yake ya pembeni, anasahihisha madaftari, hakuinua uso. Tulidhani hasikii. Ndipo tulipokosea kumfahamu, maana mtu yule alikuwa anasikia kila kitu.

Kilichomsumbua maishani kilikuwa uhamisho. Sio wake, wa wengine. Mwaka wangu wa kwanza, mwalimu wa Fizikia alihamishwa katikati ya muhula, akaondoka na madaftari yake ya maandalio, kama ilivyo haki yake. Kidato cha tatu wakabaki na vitabu vitatu kwa darasa zima. Mwalimu aliyekuja baada yake alianza upya, akahangaika, naye akahama. "Kila mwalimu akihama," Taaluma aliniambia, "anaondoka na nusu ya shule kwenye begi." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema kitu kwa uchungu.

Ndipo akaanza kutafuta wiki, si ile ya siku saba bali ya kwenye kompyuta. Alinieleza kwa subira, kwa kuwa sikuwa najua: ni kurasa ambazo kila mwalimu anaweza kuzifungua kwa simu yake, akasoma, akaongeza, akarekebisha ya mwenzake. Ukikosea, ukurasa unakumbuka ulivyokuwa jana na juzi, unaurudisha. Na nyuma ya kila ukurasa kuna ukurasa mwingine wa majadiliano, ambapo watu wanaulizana: kwa nini umeandika hivi, mfano huu watoto wameuelewa, ule wamekwama. "Huo wa nyuma," akasema, "ndio ninaoutaka mimi."

Likizo nzima alijifungia na kompyuta yake ya mkononi akijaribu moja baada ya nyingine. Alikuwa na karatasi ya maswali aliyoyatunga mwenyewe, ameibandika ukutani. Je, umeme ukikatika? Je, itafunguka kwenye simu yenye kioo kilichopasuka? Je, mwalimu asiye na bando atasoma? Je, nikiandika ujinga, mwenzangu ataona ni nani kaandika? Wiki ya kwanza aliyoipata mtandaoni ilikuwa nzuri mno, ina rangi na picha, lakini bila mtandao haifunguki, na ilikuwa mali ya watu wa mbali ambao wangeweza kuifunga wakati wowote. Ya pili ilirundika kila kitu kwenye andiko moja refu, na mada zilipoongezeka simu zikaanza kuganda. Ya tatu ilikuwa na sura mbaya. Herufi nyeusi kwenye ukurasa mweupe, basi. Lakini iliwezekana kuwekwa kwenye kompyuta chakavu, bila mtandao wowote, na yeyote aliye ndani ya uzio wa shule angeifungua kwa simu bila kutumia bando.

Akaichagua hiyo. Kompyuta aliitoa kwenye vifaa vibovu vya maabara, akaifungia stoo ya vitabu, akaweka kiruta, kile kifaa cha kuziunganisha simu na kompyuta, juu ya kabati. Siku ilipowaka alikuja ofisini, akasimama mlangoni, akasema, "Jamani, iko hewani." Tukapiga makofi. Kisha kengele ikalia, tukaenda vipindini.

Hakuna aliyeandika.

Naomba nieleweke, walimu wale hawakuwa wabaya. Tulikuwa na vipindi vingi, madarasa yenye watoto kupita kiasi, wengine walikuwa na mashamba ya pamba na mpunga. Tulikuwa na grupu letu kwenye simu, tukitumiana picha za maswali ya mitihani na vichekesho, na hilo lilitutosha. Mwalimu wa Historia aliwahi kuingia mara moja, akaandika aya mbili. Kesho yake akakuta Taaluma amezirekebisha alama zote za uandishi na kupanga upya sentensi ya kwanza. Hakurudi tena. Nilimwambia Taaluma, "Mwalimu, umemkimbiza mtu." Akashangaa. "Lakini nilimwambia kila mtu anarekebisha kila mtu. Hata yeye angeweza kurekebisha yangu." Aliamini hivyo kabisa. Hakuona kwamba mtu ambaye hajawahi kukuomba hata chumvi hutaanza kumsahihisha nukta.

Na mimi? Mimi nilikuwa namwahidi. "Wiki ijayo, Mwalimu." Naye anajibu, "Sawa, Madamu." Ikawa kama salamu yetu.

Mwaka wangu wa nne, nikiwa stoo natafuta vitabu vya kidato cha pili, nilifungua zile kurasa kwa simu, kwa udadisi tu. Nilitarajia kukuta Jiografia peke yake. Nikakuta shule nzima. Hesabu, mada ya vekta, imeandikwa na mwalimu wa Hesabu. Kemia, namna ya kuonyesha asidi na besi kwa kutumia ndimu na majivu badala ya dawa tusizokuwa nazo, imeandikwa na mwalimu wa Kemia. Kiswahili, Historia, Uraia. Nikaona wivu. Nikawaza, kumbe wenzangu wanaandika, nimebaki mimi tu. Nikafungua Biolojia, na nikakuta jina langu.

Mada ilikuwa mmeng'enyo wa chakula kwa wanyama wanaocheua. Ilisema: usianze na kitabu, anza kwa kuuliza nani amewahi kuona ng'ombe akichinjwa. Waache watoto wataje vyumba vya tumbo kwa majina ya kwao, kisha wewe uandike ya kitabuni pembeni. Na chini yake kulikuwa na habari ya msichana mmoja wa nyuma, asiyeongea kamwe, ambaye siku hiyo alisimama akavitaja vyote vinne na kueleza kipi ni kigumu kuosha na kwa nini.

Nikageuza kwenye ukurasa wa majadiliano. Taaluma ameuliza: "Wasichana huwa hawachinji. Watajuaje?" Na mimi nimejibu: "Wasichana ndio wanaoosha utumbo. Wanajua kuliko wavulana, tatizo hatuwaulizi."

Sikuwa nimeandika hata herufi moja. Lakini maneno yalikuwa yangu. Nilikumbuka siku yenyewe, ilikuwa Jumanne, nikimsimulia mwalimu wa Kemia kwenye chai, nikiwa na furaha ya kipindi kilichoenda vizuri. Nilikumbuka hata jibu la wasichana na utumbo, nililitoa nikicheka. Tofauti ni kwamba swali lile aliuliza mwalimu wa Kemia. Taaluma alikuwa mezani kwake, kalamu nyekundu mkononi. Kwenye ukurasa, aliyeniuliza ni yeye.

Nilimfuata nyumbani kwake jioni hiyo. Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo.

"Mwalimu, mimi sijaandika vile."

"Uliyasema."

"Sikukuambia wewe."

Akaweka ungo chini. "Madamu, mwaka kesho utahamia kwenu Njombe. Yule binti na tumbo la ng'ombe, nani atakumbuka?"

"Lakini umeweka jina langu."

"Ni ya nani basi? Ningeweka jina langu, ningekuwa mwizi." Kisha akasema, polepole, kwa sauti ile ya kusoma, "Nilifungua akaunti kwa jina la kila mtu, nikasubiri. Nilisubiri mwaka na zaidi. Kurasa zote zilikuwa zinasema mimi, mimi, mimi. Nikiuliza swali kwenye majadiliano, narudi baada ya mwezi, swali liko vile vile. Basi nikaanza kuwasikiliza."

Nilipaswa kukasirika, na kiasi fulani nilikasirika. Lakini nikiri pia kwamba nilikuwa nimeusoma ukurasa ule mara tatu pale stoo, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza kwa makini kiasi kile. Nikamwambia, "Haya." Hilo tu. Sikusema afute wala aache. Nikarudi kwangu, na kupitia ukuta nikamsikia akiendelea kuchagua mchele.

Habari za kurasa zile zilifika mbali. Mkuu wa shule alizitaja kwenye kikao fulani huko mjini, na muhula uliofuata wakaja maafisa wa elimu kuziona, pamoja na walimu kutoka shule jirani. Tulikaa kwenye bwalo. Taaluma alivaa suti ya kahawia ambayo sikuwa nimewahi kuiona, imekaa mabegani kama ya mtu aliyekuwa mnene zamani. Aliwasha projekta, akaeleza kwa nini alichagua wiki yenye sura mbaya, akaonyesha kurasa zikifunguka kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Aliongea vizuri. Aliongea kwa Kiswahili karibu kama alivyokuwa akiongea Kisukuma kule kwenye ukuta wa stoo.

Afisa mmoja, mama mwenye miwani, alivutiwa sana. Alifungua orodha ya waandishi akasoma majina kwa sauti. "Hii ndiyo kazi ya pamoja tunayoisema kila siku," akasema, kisha akamgeukia mwalimu wa Hesabu. "Mwalimu, hebu tuambie, uliandikaje hii mada ya vekta na mbuzi aliyefungwa kamba mbili? Nimeipenda."

Mwalimu wa Hesabu akasimama, akatazama ukutani kwenye projekta, akatazama watu. "Mimi?" akasema. "Mheshimiwa, mimi humo sijawahi kuingia hata siku moja."

Watu wakacheka, wakidhani ni utani wake. Afisa akamwuliza mwalimu wa Kemia. Akatikisa kichwa. Akamwuliza mwalimu wa Uraia. Naye vile vile. Kicheko kikakatika.

"Mwalimu wa taaluma," yule mama akasema, "nani ameandika haya?"

"Walisema wao," Taaluma akajibu. "Nimechapa mimi."

"Walisema wapi?"

"Ofisini. Kwenye chai."

Mtu mmoja wa shule jirani akaangua kicheko, na wengine wakamfuata. Afisa alinyoosha mkono watulie. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Nadhani alikuwa anamtafutia Taaluma njia ya kutokea. Akauliza bwalo zima, "Yupo mwalimu yeyote hapa anayekubali kwamba maneno haya ni yake?"

Nilikuwa safu ya tatu. Ukurasa wa Biolojia ulikuwa umefunguliwa pale mbele, jina langu kwenye ukuta, kubwa kama dirisha. Nilikuwa na barua ya maombi ya uhamisho kwa maafisa wale wale. Nilikuwa na aibu ya kuonekana wa upande wake, mwanamke anayeishi peke yake, nyumba ya ukuta mmoja na mwanamume aliyefiwa na mke. Hizo ndizo sababu zangu, na nimezipima mara nyingi tangu siku ile, hazijawahi kuongezeka uzito. Niliangalia viatu vyangu. Nikasikia feni ya projekta. Kisha nikasikia Taaluma akisema, "Nimeelewa," na kuzima mashine.

Hakuadhibiwa, ukiacha kwamba cheo alipewa mwingine. Mkuu wa shule alisema ni kwa ajili ya kumpumzisha. Meza yake ya pembeni aliikabidhi mwenyewe, akahamia stoo na madaftari yake, na tangu hapo hakuja tena kwenye chai. Tulimwona asubuhi mstarini na tukamwona akienda darasani. Nikimsalimu mwangaluka anaitikia, kwa heshima ile ile, hakuwahi kuniruka hata siku moja, na ingekuwa nafuu kwangu kama angeniruka. Jioni redio yake ilisoma habari, ikazimwa. Baada ya hapo kulikuwa kimya.

Mwalimu wa Hesabu hakumwigiza tena. Aliniambia wakati mmoja, bila kuniangalia, "Ile ya mbuzi na kamba mbili ni yangu kweli. Nilikuwa nimeisahau. Sikujua kama kuna mtu aliishika." Nikamwuliza kwa nini asimwambie Taaluma. Akasema, "Nitaanzaje?"

Mwaka uliofuata Taaluma alistaafu. Tulimfanyia hafla ndogo, wali na nyama, hotuba mbili. Alipopewa nafasi alisimama, akasema, "Wabeja, asanteni. Nimefundishwa mengi hapa," akakaa. Watu walidhani ameteleza ulimi, kwamba alitaka kusema amefundisha. Kesho yake gari lilikuja kubeba vitu vyake. Niliambiwa amekwenda Kalemela, kwenye nyumba aliyoanza kuijenga na mkewe.

Uhamisho wangu haukutoka. Nilibaki, na nikazoea kubaki.

Mwaka huu nilialikwa kwenye semina ya walimu wa sayansi Lamadi. Siku ya mwisho ilimalizika mchana, wenzangu wakaenda ziwani kununua samaki. Mimi nikapanda gari, nikashuka Kalemela. Sikuwa nimempigia. Nilikuwa na namba yake lakini sikuwa na maneno. Nilimwuliza mama mmoja aliyekuwa anauza sato wa kukaanga kando ya barabara kama anamfahamu mwalimu mstaafu, mrefu, anayetembea ameinama.

"Yule anayepiga simu?" akasema.

"Anapiga simu?"

"Kila siku. Anapanda pale penye mwinuko mtandao unaposhika, ana orodha mkononi. Anapiga, anangoja, anapiga. Wengine hawampokei, maskini. Nyumba yake ni ile ya bati jipya, ukimaliza majaruba ya mpunga."

Nilimkuta barazani anatengeneza mpini wa jembe. Alikuwa amezeeka kuliko idadi ya miaka iliyokuwa imepita. Aliponiona alisimama na kufuta mikono kwenye suruali.

"Mwadila, Mwalimu," nikasema, kwa salamu ya mchana.

"Mwadila, mayu. Karibu ndani, kuna jua."

Sebule ilikuwa na viti vinne, kimoja tu kilichokaliwa. Vingine bado vilikuwa na mifuko ya nailoni ya dukani. Kompyuta yake ya mkononi ilikuwa mezani, waya wake umepita dirishani kwenda kwenye sola. Aliniletea uji wa ulezi, akauliza habari za shule, za mvua, za kidato cha nne. 

"Nimesikia unapiga simu," nikasema.

Hakuona aibu safari hii. Alitoa orodha. Ilikuwa na majina ya walimu wote ambao maneno yao aliyachapa. Alieleza kwamba alipoondoka alinakili kurasa zote, na tangu hapo anampigia mmoja mmoja, anamsomea alichokiandika kwa jina lake, anamwomba ruhusa kibaki. Akikubali, kinabaki. Akikataa, anafuta jina. Pembeni ya kila jina kulikuwa na neno. Amekubali. Amekataa. Hapokei. Hapokei. Hapokei. Mwalimu wa Historia: amefariki. Mwalimu wa Hesabu: amekubali.

"Alikubali?" nikauliza.

"Alilia," akasema. "Sikujua la kufanya. Nikangoja mpaka akamaliza."

Jina langu lilikuwa la mwisho. Pembeni yake hapakuwa na neno.

"Mimi hukunipigia."

"Hapana."

"Namba yangu unayo."

"Ninayo." Aliikunja orodha. "Wengine wakikataa, nafuta, yanaisha. Wewe nilikuona siku ile. Nikasema, huyu nisimsumbue tena."

Nilitazama uji wangu. "Mwalimu, maneno yalikuwa yangu. Nilipaswa kusimama."

"Na mimi nilipaswa kukuuliza kabla." Akaongeza, "Neno dogo tu. Naweza kuandika? Nyumba zilikuwa karibu kiasi kile, sikuweza kugonga mlango nikakuuliza."

 Nje bata walikuwa wanapigania kitu kwenye tope.

"Niulize sasa," nikasema.

Alijinyoosha kwenye kiti. Akafungua kompyuta, akatafuta ukurasa ule wa ng'ombe, akaugeuza upande wa majadiliano, swali na jibu. Kisha akanigeukia na kusema, kwa Kiswahili chake cha ofisini, "Madamu, naomba ruhusa yako maneno haya yabaki kwa jina lako."

"Hapana," nikasema.

Uso wake haukubadilika sana. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa ameshajiandaa. Akachukua kalamu aandike pembeni ya jina.

"Usiandike kitu. Futa yote, la kwako na la kwangu. Yote."

Akafuta. Ilichukua muda, vidole vyake vilikuwa vizito. Ukurasa ukabaki mweupe.

"Sasa nipishe kwenye hicho kiti."

Hakunielewa mara moja. Alipoelewa, alisimama haraka mpaka orodha ikaanguka, akakivuta kiti kwa mikono miwili, akakifuta kwa kiganja ingawa hakikuwa na vumbi. Akanionyesha pa kubonyeza nikimaliza. Akatoka nje, akarudisha mlango nyuma yake.

Nikakaa. Alikuwa hajaniuliza nitaandika nini. Niliandika sentensi ya kwanza, nikaifuta, nikaiandika tena. Kupitia dirishani nilimwona amesimama katikati ya uwanja wake mtupu, amenipa mgongo, anatazama mpunga, ananingoja.